Mzazi Aliyepasuliwa Asilazwe na Njaa

Ipo desturi kongwe ya kumlaza mzazi aliyepasuliwa kutwa nzima bila chakula, ikidhaniwa kuwa ndiyo huruma. Sivyo! Katika miaka ya 1990 Daktari Henrik Kehlet wa Denmark alionyesha kwamba waliopasuliwa matumbo hupona upesi wakilishwa na kutembezwa mapema. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 wataka vivyo hivyo kwa wazazi: mama ale chakula chake cha kawaida ndani ya saa 2, aondolewe mpira wa mkojo mapema, atulizwe maumivu, kisha atembee, damu isigande miguuni. Haya hayataki mitambo ya fahari. Yataka wauguzi wa kutosha na dawa zisizokatika. Ndugu wafanyakazi, hilo ndilo la kudai katika kila hospitali.