Mheshimiwa Waziri, Mtoto wa Medali ni wa Nani?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kenya

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya upili huku Nandi. Mistari ya uwanja wetu tunaichora kwa majivu ya jikoni, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi tunachora upya. Ningeweza kukuletea barua hii ofisini kimyakimya, lakini jambo lenyewe linawahusu wazazi wengi ambao hawatafika Nairobi kamwe. Nimeona afadhali walisome pamoja nawe.

Julai 2017 niliwapakia wanafunzi kwenye basi tukasafiri usiku kucha kwenda uwanja wa Kasarani kutazama Mashindano ya Dunia ya Riadha ya vijana wasiozidi umri wa miaka 18. Mataifa kadhaa makubwa, Marekani na Uingereza yakiwemo, yalikataa kuja kwa hofu ya usalama. Wakenya wakajaza uwanja hata hivyo. Jackline Wambui alishinda mita 800, George Manangoi akashinda mita 1,500, na sauti yangu ilirudi siku ya tatu. Nilikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili. Mbio zilipoisha alishuka ngazi hadi kwenye vyuma vya kuzuia watu, akachuchumaa akiutazama ule utandiko wa njia ya mbio, kisha akaniuliza, "Mwalimu, pale ukianguka unachubuka?"

Mwaka uliofuata binti huyo aliwashinda wenzake wote katika kaunti. Wiki mbili baadaye mwanamume mmoja aliyejiita wakala alikwenda nyumbani kwao na karatasi za mkataba zilizoandikwa Kiingereza. Babake hakijui Kiingereza. Alitia sahihi kwenye boneti ya gari, akapewa pesa za kununua ng'ombe mmoja wa maziwa. Mimi nilipata habari siku ambayo dawati lake lilikuwa tupu. Alirudi baada ya miaka miwili akiwa na goti bovu, bila cheti cha kidato cha nne wala nakala ya ule mkataba. Nilimuuliza wakala ni nani hasa, akanitajia jina moja tu, lile ambalo huyo bwana alitaka aitwe.

Mashindano yale ya 2017 yalikuwa ya mwisho. Shirikisho la Riadha Duniani liliyafuta, na tangu hapo hatua ya kwanza ya shirikisho hilo kwa mtoto wa Kenya ni mashindano ya wasiozidi miaka 20. Hayo yalianza Athens mwaka 1986, na Agosti 2021 tuliyaandaa sisi, Kasarani palepale, safari hii viti vikiwa vitupu kwa sababu ya korona. Kenya iliongoza dunia kwa medali 16, nane kati yake za dhahabu. Heristone Wanyonyi alitwaa dhahabu ya kutembea kwa kasi mita 10,000, mchezo ambao shule nyingi hazijawahi hata kuujaribu. Mheshimiwa, zile siku tano tulizifurahia kwa haki. Ninalouliza ni kuhusu siku ya sita, wakati kambi inavunjwa na kila mtoto anabeba begi lake.

Mtazame Emmanuel Wanyonyi. Kasarani 2021 alishinda mita 800 kwa dakika 1:43.76, akiwa ametimiza miaka 17 mwezi huohuo. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki jijini Paris. Lakini Wanyonyi aliwahi kuacha shule akiwa mdogo akaenda kuchunga ng'ombe ili apate riziki. Aliyemshika mkono ni Janeth Jepkosgei, ambaye mwaka 2002 kule Kingston alikuwa yeye mwenyewe bingwa wa dunia wa vijana katika mita 800 hizohizo. Dada huyu alijua mtoto wa namna ile anahitaji nini kwa kuwa alipita njia ileile. Namshukuru kwa moyo wote. Ila taifa zima haliwezi kuendelea kutegemea kwamba kila mchungaji mwenye miguu mepesi atakutana na Jepkosgei wake.

Sasa rudi nyuma hadi Tampere, Finland, mwaka 2018, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mshindi alikuwa wetu, Celliphine Chespol, binti ambaye mwaka mmoja kabla, kule Eugene, alisimama katikati ya mbio kurekebisha kiatu, akaondoka tena na bado akashinda kwa dakika 8:58.78, muda ambao hakuna msichana wa umri wake aliyekuwa ameufikia. Wa pili Tampere alikuwa Peruth Chemutai wa Uganda. Wa tatu Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya aliyehamia Bahrain akiwa na miaka 15. Chemutai akaja kuwa bingwa wa Olimpiki Tokyo, Yavi akawa bingwa wa Olimpiki Paris. Chespol hajapata medali ya Olimpiki. Simlaumu hata kidogo, mwili wa mwanariadha una siri zake. Nasema tu kwamba kati ya wasichana watatu waliopanda jukwaa lile, aliyesimama juu kabisa alikuwa wetu, na hakuna aliyetueleza, sisi tunaolea wengine kama yeye, miaka iliyofuata ilikwendaje na tujifunze nini.

Kisha kuna Agnes Tirop. Hili naliandika kwa shida. Barcelona 2012 alipata shaba ya mita 5,000 ya vijana akiwa na miaka 16. Eugene 2014 akapata nyingine. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika. Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake pekee, aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Bendera za Kasarani zilikuwa zimeshushwa miezi miwili tu kabla. Wanariadha wenzake ndio walioanzisha shirika la Tirop's Angels ili wasichana wapate mahali pa kukimbilia. Wenzake, Mheshimiwa, watu wanaopaswa kuamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi, ndio wanaopokea simu za usiku.

Tunaoishi huku tunajua mambo huanza vipi. Msichana wa miaka 16 au 17 anaanza kushinda. Anatokea mwanamume, anajiita kocha, au rafiki wa kocha. Anamnunulia njumu, anamlipia chumba karibu na kambi, anamfungulia akaunti ya benki na kadi anakaa nayo yeye. Msichana anaporudi na medali ya vijana, tayari ana mwenyewe. Mzazi akiuliza, anaambiwa asiharibu bahati ya mtoto. Mwalimu akiuliza, anaambiwa ana wivu. Na wale wanaouza dawa za pufya huingia kwa mlango huohuo, kwa sababu mtoto asiye na mtu wa kumuuliza humeza anachopewa.

Ninachokuomba hakihitaji uwanja mpya. Viwanja ni kilio kingine. Uwanja wa Kamariny ulichimbuliwa kwa ahadi ya uwanja wa kisasa ukakaa miaka mingi bila kukamilika, lakini hilo lina barua yake. Naomba kwamba mkataba wowote wa mwanariadha ambaye hajatimiza miaka 20 usitambuliwe na Wizara wala na Shirikisho la Riadha Kenya mpaka usomwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, mzazi akiwepo, mwalimu akiwepo, na wakili anayelipwa na serikali akiwepo, na nakala ibaki shuleni. Dunia tayari imeonyesha njia. Tangu 2018 mwanariadha haruhusiwi kubadili taifa kabla ya kutimiza miaka 20. Kama mtoto hawezi kuuza bendera yake katika umri huo, hafai kuuza miguu yake kwenye boneti ya gari.

Naomba pia kila kambi ya vijana iwe na kocha mwanamke, mwenye mamlaka, si wa kugawa chakula tu. Na kila aliyevaa jezi ya taifa katika mashindano ya dunia ya vijana afunguliwe faili na afuatiliwe kwa miaka minne: yuko shule gani, anaishi na nani, jeraha lake limetibiwa wapi. Nasema minne kwa sababu Faith Cherotich alihitaji miaka minne kutoka shaba ya Kasarani 2021 hadi dhahabu ya dunia Tokyo 2025. Katika muda kama huo yule binti wa kidato cha pili alitoka kuwa bingwa wa kaunti akawa muuza mboga anayechechemea. Nilimwomba ruhusa ya kukuandikia haya. Alikubali, akasema nisiandike jina lake.

Mheshimiwa, kambi ya vijana itakapofunguliwa tena, nenda mwenyewe bila wapiga picha. Waite wasichana mmoja mmoja, kila mmoja mwulize nani alimleta, na kadi yake ya benki iko mfukoni mwa nani.

Wako katika kulea vijana,

Mwalimu wa michezo, Nandi