Sanaa bila masharti ni uvivu

"Sanaa haina mipaka." Vijana wanaotengeneza video Tukuyu, wilayani Rungwe, wanaipenda kauli hii, nasi waandishi tunajifichia humo. Matunda yake tunayaona: droni juu ya Ziwa Ngozi, droni juu ya Daraja la Mungu, droni juu ya mashamba ya chai, na muziki ule ule. Mtu ameachiwa afanye lolote, akafanya alichofanya mwenzake jana.

Washairi wetu hawakudanganyika hivyo. Utenzi una mizani nane kila mshororo, na kina cha mwisho hufunga beti zote. Neno la kwanza likikataa kuingia, mshairi hutafuta la pili na la tatu, na huko hukutana na wazo ambalo hakuanza nalo. Sheikh Amri Abedi alizichapa sheria za utunzi mwaka 1954 kwa sababu aliziona kuwa nyenzo za kazi.

Mtanitajia mshairi Euphrase Kezilahabi na diwani yake Kichomi, 1974. Aliviacha vina, kweli, lakini akajitwika mzigo mwingine: taswira isimame yenyewe, bila kina cha kuiegemea. Wengi wanaomfuata wameutua mzigo wa kwanza bila kuubeba wa pili.

Nje ya ushairi pia, mwaka 1995 waongozaji Lars von Trier na Thomas Vinterberg wa Denmark walijiwekea amri za filamu: kamera ishikwe mkononi, muziki usipachikwe baadaye. Filamu ya Vinterberg, Festen, ilituzwa Cannes mwaka 1998. Vifaa hawakukosa. Msichanganye sharti na ufukara: asiye na kamera anahitaji kamera, aliye nayo ndiye anayehitaji sharti.

Rungwe ni nchi ya mvua, ila wapiga video wake hungoja jua. Basi Aprili ijayo piga mvua inaponyesha tu, ndani ya soko la Tukuyu, bila droni wala muziki. Itakubidi usikilize mabati, umtazame mama akifunika ndizi zake na utingo akikaza turubai la lori la viazi. Nawe mwandishi, eleza Mlima Rungwe bila kusema "kijani" wala "mandhari ya kuvutia".

Anayeshindwa kutengeneza dakika moja yenye uhai ndani ya masharti hayo hana upungufu wa vifaa. Hana la kusema, na droni ya pili haitamsaidia.