Masafa si shamba la urithi

Mwandishi anayedai kwamba kampuni za simu zikitumia masafa kwa pamoja ushindani utakufa, anachanganya barabara na magari. Masafa ya redio ni barabara; kampuni zinazoshindana juu yake ndizo magari. Nchini Sweden, mwaka 2009, kampuni za simu za Tele2 na Telenor ziliunda kampuni ya pamoja, Net4Mobility, zikaunganisha masafa na minara. Wateja kila moja iliendelea kuwagombea kivyake. Masafa yaliyolala kwa kampuni hii humhudumia mteja wa ile.

Kwetu vijijini, mama hupanda kichuguu, simu kainua juu, akisaka mtandao apokee pesa ya mwanawe, ilhali mnara wa kampuni nyingine anauona kwa macho. Ushindani huo unamfaa nani? Mdhibiti azibane kampuni kwenye bei, lakini masafa yatumike kwa pamoja.