Ndala Siyo Ethi

Wiki hii nilipanga kuandika mambo ya siasa kama kawaida yetu, lakini kuna jambo limetokea nyumbani kwangu na siwezi kulinyamazia.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuja Dar kunitembelea. Akaingia kuoga. Dakika mbili hazijaisha nikasikia ukelele na kishindo. Kukimbilia kule, namkuta amekaa sakafuni anatetemeka, mkono kaushika kama si wake. Alishika bomba apunguze maji, shoti ikamrusha. Namshukuru Mungu ilimrusha, haikumng'ang'ania.

Unajua neno la kwanza lililonitoka mdomoni? "Si ungevaa ndala!"

Baadaye nilijionea aibu. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza maswali. Lakini kwa miaka miwili nimeishi kwenye nyumba ambayo bomba la bafuni linakung'ata kidogo, na swali langu lilikufa siku mama mwenye nyumba aliponiambia, "Hiyo ni kawaida mwanangu, vaa ndala tu." Nikanunua ndala. Nikazoea. Nina hakika wengi mnaosoma hapa mnazo ndala za namna hiyo nyuma ya mlango wa bafu.

Nikaita fundi, safari hii mwenye leseni. Alifungua hita ya maji ya moto na kunionyesha waya wa kijani na njano umekatwa, ncha yake imeviringishwa na kufungwa utepe mweusi. Huo ndio waya wa ethi. Akazunguka nje ya nyumba kutafuta fimbo ya shaba ambayo waya huo unatakiwa kuishia. Waya ulikuwepo, unaingia ardhini vizuri kabisa. Akauvuta. Ukatoka wote! Chini yake hakukuwa na kitu.

Sasa tuelewane, maana haya mambo hatukufundishwa vizuri. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Mwili uliolowa maji hauna kizuizi kikubwa, tukisema omu 1,000 hatujakosea sana. Gawanya: ni kama miliampea 230 zinazoweza kupita mwilini mwako. Miliampea 10 tu zinatosha kukufanya ushindwe kuachia ulichoshika, na zikifika 50 moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Breka ya hita huwa ni ya ampea 32, yaani miliampea 32,000. Breka ile inalinda waya usiungue. Wewe ukifa bafuni, yenyewe haina habari.

Kazi ya ethi ni kuupa umeme uliovuja njia rahisi ya kwenda ardhini, usipite kwako. Lakini fundi akaniambia jambo ambalo sikulijua: hata fimbo ikiwepo, peke yake haitoshi. Chukulia fimbo yako ina kizuizi cha omu 20, jambo la kawaida kabisa kwenye udongo mkavu. Volti 230 kwa omu 20 ni ampea 11 na nusu. Breka ya 32 haikati hapo! Umeme unaendelea kumwagika ardhini, na chuma ulichokishika bado kina umeme. Ndiyo maana kinahitajika kifaa kinachoitwa RCD. Hiki hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua miliampea 30 maana yake unavuja mahali, nacho kinakata kabla hujamaliza kusema "yesu wangu". Kina kitufe cha kukijaribia. Kama unacho nyumbani, lini ulikibonyeza mara ya mwisho?

Kisha kuna kuunganisha vyuma vya bafuni. Umewahi kujiuliza kwa nini kunguru anakaa kwenye waya wa umeme na hafi? Miguu yake yote iko kwenye umeme wa kiwango kimoja, hakuna tofauti ya kuusukuma upite mwilini. Bafu lenye mabomba ya chuma hufanyiwa vivyo hivyo: bomba la maji ya moto, la maji baridi na hita vinaunganishwa kwa waya pamoja na ethi, ili ukishika hiki na kile kusiwe na tofauti. Kama mabomba yote ni ya plastiki, kazi hiyo haina maana, usikubali fundi akulipishe. Lakini ethi na RCD haviepukiki.

Na ndala? Ndala inazuia njia ya miguuni tu, tena ikiwa kavu. Ukiegemea ukuta uliolowa huku umeshika bomba, umeme unatoka mkono hadi mkono, na katikati ya mikono kuna moyo.

Nilipomfuata mama mwenye nyumba alinijibu, "Nyumba hii ilikaguliwa kabla ya kuwekwa umeme." Simbishii. Lakini ilikaguliwa siku ile, miaka hiyo. Hita ililetwa baadaye na kijana wa mtaani. Pampu ya kisima ikaja, kila mmoja akafunga chake. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Umeme ya 2008, na mafundi wa kufunga umeme majumbani wanapewa leseni na EWURA. Tatizo fundi asiye na leseni ni nafuu, na sisi tunapenda nafuu.

Wala tusiwaonee wenye nyumba peke yao. Ni nani kati yetu hajawahi kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie? Tundu lile ni la ethi! Ile pini ndefu ya plagi imewekwa ndefu makusudi ili ethi iguse kwanza. Tumesoma hadi chuo kikuu na bado tunaona lile tundu ni kero.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana wa kupanga tunakagua vigae, rangi, parking na kama maji yanatoka. Halafu tunalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla hujatoa hizo pesa, omba uonyeshwe fimbo ya ethi na RCD. Visipokuwepo, iandikwe kwenye mkataba nani ataweka na lini. Mwenye nyumba anayekujibu "vaa ndala" amekubali kwamba anajua.

Kwangu tulikubaliana kugawana gharama: fimbo, waya, RCD na ufundi. Jumla haikufika nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Nusu ya kodi, kwa kitu ambacho nusura kimchukue mtoto wa mama yangu.

Mdogo wangu amerudi nyumbani salama. Alipoaga aliniuliza kwa utani kama anaweza kuondoka na ndala. Nikamwambia azichukue.

Naomba kuwasilisha.