Njia Moja ya Hewa, Mafundi Wawili

Juma hili yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri hadi siku linapobisha hodi mlangoni: mgonjwa anapopasuliwa kooni, hupumuaje?

Swali hili lilinifika kwa njia ya aibu. Mtoto wa kaka yangu, koplo wa polisi, alikuwa na umri wa miaka 6. Mafindofindo yake yalikuwa makubwa hata usiku akikoroma kama mtu mzima, na mara nyingine pumzi ilikatika kitambo kisha akashtuka. Daktari akaamua yaondolewe. Kaka alikuwa kazini mbali, hivyo mimi, shemeji yangu na mama yetu mzazi ndio tuliompeleka hospitali. Tuliambiwa asile kitu tangu usiku, nami nikaipeleka amri hiyo nyumbani kama nilivyoipokea.

Asubuhi, mtoto akiwa amekwisha kuvikwa nguo za upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi alimwuliza kwa upole, "Leo umekula nini?" Mtoto akajibu bila kusita, "Bibi alinipa uji." Basi upasuaji ukaahirishwa juma zima.

Nakiri kuwa nilihamaki. Nilifikiri nauli iliyopotea na ruhusa ya kazi niliyoiomba kwa shida. Mama aliinama, akasema, "Mwanangu, hata askari haendi vitani na njaa." Yule mtaalamu hakumkaripia. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, akasema, "Mama, maneno yako ni ya kweli. Lakini katika vita hivi, chakula ndicho adui." Kisha akatueleza, nasi tukasikiliza kama wanafunzi.

Mtu aliye macho, kitu kikimpalia hukohoa. Kikohozi ndicho mlinzi wa lango la mapafu. Dawa ya nusukaputi humlaza mgonjwa pamoja na mlinzi huyo. Chakula kilichomo tumboni kikipanda kooni wakati huo, huteremka mapafuni bila kuzuiwa, na uchachu wa tumbo huyaunguza mapafu. Ndiyo maana kwa kawaida chakula huzuiwa kwa saa 6 kabla ya upasuaji, maziwa ya mama kwa saa 4, na maji matupu kwa saa 2. Kila mgonjwa na afuate saa alizopewa na hospitali yake.

Upasuaji wa koo una ugumu wake wa pekee. Mguu ukipasuliwa, mpasuaji hukaa miguuni na mtaalamu wa nusukaputi hukaa kichwani, kila mtu na mahali pake. Koo likipasuliwa, wote wawili wanaitaka njia ile ile moja. Mmoja ataka kukata humo, mwingine ataka hewa ipite humo. Tena damu ya jeraha iko hatua chache tu kutoka mapafuni, na ubongo hauvumilii kukosa oksijeni zaidi ya dakika chache. Mtoto huishiwa upesi kuliko mtu mzima, kwa kuwa mwili wake hutumia oksijeni nyingi kwa kulinganisha na uzito wake.

Wasomaji wetu askari watapenda kujua kwamba sehemu kubwa ya elimu hii ilitokana na majeraha ya vita. Kweli, mwaka 1878 huko Glasgow, daktari William Macewen alikwisha kupitisha bomba kinywani hadi kwenye njia ya hewa ya mgonjwa mwenye uvimbe kwenye shina la ulimi, akaziba kando yake ili damu isishuke. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliwatibu maelfu ya askari waliovunjwa taya na nyuso kwa risasi na mizinga. Daktari Harold Gillies alizijenga upya nyuso hizo. Lakini utamfunikaje pua na mdomo kwa kitambaa cha dawa mtu ambaye uso wake ndio unaoshonwa? Kuanzia mwaka 1919, Ivan Magill na mwenzake Stanley Rowbotham walifanya kazi hapo, wakaendeleza matumizi ya bomba la mpira linalopita puani au mdomoni hadi ndani ya njia ya hewa. Koleo alilolibuni Magill kuliongoza bomba hilo lingali likitumika, nalo huitwa kwa jina lake.

Katika miaka ya 1920, Mmarekani Arthur Guedel alilivika bomba hilo kiputo kinachojazwa hewa ili kuziba nafasi ya pembeni. Ili wenzake wasadiki, alimlaza mbwa wake kwa dawa, akamtia bomba, akamzamisha majini. Mbwa aliendelea kupumua kwa bomba, maji yasiingie mapafuni. Dawa ilipokwisha nguvu, aliamka akajikung'uta.

Siku hizi mtaalamu huweka bomba, kisha husikiliza kifua pande zote mbili. Chombo kimoja hubanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Panapo mashine ya kupima hewa ya ukaa itokayo mapafuni, hiyo ndiyo shahidi mkuu: isipoonyesha kitu, bomba hudhaniwa limeingia kwenye njia ya chakula mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mpasuaji akikifungua kinywa kwa chuma chake, chuma hicho chaweza kulibana bomba, kwa hiyo kifua husikilizwa tena. Mwishoni, shashi zote huhesabiwa, na damu iliyojificha nyuma ya kaakaa hufyonzwa, kwani bonge moja tu laweza kuziba pumzi bomba litakapotolewa.

Ikiwa kazi iko kwenye kisanduku cha sauti chenyewe, bomba la kawaida huweza kumzuia mpasuaji. Hapo wengine hupuliza oksijeni kwa nguvu kupitia kibomba chembamba, wakihakikisha daima kwamba hewa inapata mlango wa kutokea, la sivyo mapafu yaweza kupasuka. Mwaka 2015, madaktari wawili wa London waliandika juu ya wagonjwa 25 wenye njia ngumu za hewa, ambao waliendelea kupata oksijeni iliyopulizwa kwa wingi puani huku pumzi zao zimesimamishwa kwa dawa, nusu yao kwa dakika 14 au zaidi. Ikitumiwa mionzi ya leza au chuma cha umeme, oksijeni hupunguzwa, maana oksijeni nyingi karibu na cheche huwasha moto.

Sasa, wazazi wenzangu, sehemu yetu ni hii:

1. Mweleze mtaalamu ukweli wote: mtoto amekula nini na saa ngapi, ana mafua, pumu au jino linalolegea, anakoroma, au amewahi kudhurika kwa dawa. Usione haya. Kuahirishwa juma moja si hasara.

2. Mweleze kila mtu wa nyumbani, hata jirani, saa ya mwisho ya kula na sababu yake.

3. Baada ya mafindofindo kuondolewa, mwangalie mtoto sana katika saa 24 za kwanza, na tena kati ya siku ya 5 na ya 10. Akitema damu mbichi, au akimeza mate mara kwa mara usingizini, huenda koo linavuja. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mimi nilisomea ualimu, na najua kuwa amri isiyo na sababu haikai moyoni. Siku ile nilimkasirikia mama, kumbe kosa lilikuwa langu. Nilimpa katazo, sikumpa maelezo, naye akatenda kama bibi mwenye huruma atendavyo.

Juma lililofuata tulirudi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mama aliufunga mlango wa jiko, akauweka ufunguo chini ya mto wake. Mtoto alipasuliwa salama. Sasa halali tena akikoroma, na bibi yake ndiye anayewafundisha wanawake wa kambini habari za uji na nusukaputi.