Tahadhari: Mlima Mrima Usichimbwe Kabla ya Kupimwa

Wakazi wa Mrima, Dzombo na vijiji vyote vya Lunga Lunga, wazee wetu wa kaya, nanyi vijana mnaoombwa kuwaongoza wageni kilimani: msitie saini karatasi yoyote kabla ya swali moja kujibiwa kwa maandishi. Thoriamu itakwenda wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu mlima ule haukubeba niobiamu na madini adimu peke yake. Imo pia thoriamu, nayo ni madini ya mionzi. Anayetafuta madini adimu ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme hana namna ya kuiacha chini, kwa kuwa inapanda pamoja nayo. Na siku hizi haiitwi taka tena. Inatangazwa kuwa ni nishati ya kesho, nyuklia safi, isiyo na mabaki, isiyoweza kuzaa bomu. Sifa hizo ndizo zinazonitia hofu kuliko kinu chochote cha nyuklia, maana kitu kikishaitwa mali, hakuna anayeuliza kitazikwa wapi.

Ukweli wa nishati hiyo ni huu. Thoriamu haiwaki yenyewe. Ni kama kuni mbichi, haishiki mpaka iwekewe makaa ya moto mwingine, yaani urani au plutoniamu. Ikipigwa na nyutroni hugeuka, na baada ya wiki kadhaa huwa urani-233, na hiyo ndiyo inayotoa joto. Urani-233 hiyohiyo Marekani iliitia katika bomu la majaribio mwaka 1955, kwa hiyo anayesema haina njia ya kufikia silaha anapotosha watu. Ni kweli kwamba thoriamu ni nyingi ardhini kuliko urani, na ni kweli mabaki yake ya kudumu maelfu ya miaka yanaweza kuwa machache zaidi. Hayo nayakubali. Lakini Ujerumani ilijenga kinu cha thoriamu, THTR-300, huko Hamm, kikaingia kwenye gridi mwaka 1985 na kufungwa mwaka 1989. India, yenye thoriamu tele katika fukwe za Kerala, imeifukuzia ndoto hii tangu enzi za Homi Bhabha miaka ya 1950, na bado. China iliwasha kinu cha majaribio karibu na Wuwei, mkoani Gansu, mwaka 2023. Kina megawati 2 za joto, wala hakitoi umeme.

Kwa hiyo akija mtu kijijini na kusema thoriamu yenu ina wanunuzi wanaoisubiri, mwambieni awataje. Soko lake ni dogo mno. Wengi wanaochenjua madini adimu duniani hulipa fedha ili ihifadhiwe.

Malaysia ilishapita njia hii. Mwaka 1982 kiwanda cha Asian Rare Earth, ambacho Mitsubishi Chemical ilikuwa na hisa ndani yake, kilianza kazi katika kijiji cha Bukit Merah, pembeni ya mji wa Ipoh. Kilichenjua monazaiti, mchanga mzito uliobaki kwenye migodi ya bati, kikatoa madini adimu na kubakiwa na thoriamu. Wakubwa wakaamua kwamba mabaki hayo si ya kutupwa, ni akiba ya nishati ya baadaye itakayotunzwa na jimbo la Perak. Pa kuitunzia hapakuwa tayari. Watu wa Parit walipokataa eneo la kwanza, mahandaki yakaanza kuchimbwa Papan, na wakazi wa Papan waligundua mwaka 1983 kazi ikiwa imeshaanza. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ilikisimamisha kiwanda. Mwaka 1987 kikafunguliwa tena. Mwaka 1992 mahakama ikaamuru kifungwe, mwaka uliofuata amri hiyo ikatenguliwa na mahakama ya juu zaidi, na mwaka 1994 kampuni yenyewe ikatangaza kufunga. Wazazi walikuwa wameona saratani ya damu ikiwapata watoto wao, na kampuni ikakana kuhusika. Kusafisha eneo lile kuligharimu takriban dola milioni 100, na mabaki yakazikwa katika milima ya Kledang. Hakuna kinu hata kimoja kilichowahi kuiwasha ile akiba ya nishati.

Wenye umri wangu wameishika thoriamu bila kujua. Kifuko cha utambi wa karabai, kile cheupe cha kitambaa kilichofungwa kwenye taa na kuunguzwa mara moja kabla ya kutumika, kwa miaka mingi kililowekwa katika chumvi za thoriamu. Kitambaa kikishaungua, kilichobaki kikining'inia na kung'aa vile ni oksidi ya thoriamu karibu tupu, na ukikigusa kwa kidole kinabomoka kuwa unga mweupe. Mionzi ya thoriamu yenyewe haipenyi ngozi. Madhara yake huanza pale unga ule unapoingia puani au mdomoni, kwa sababu ikishakaa mwilini haitoki upesi. Madaktari walilijua hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia miaka ya 1930 wagonjwa walidungwa dawa ya thoriamu iitwayo Thorotrast ili picha za eksirei zionekane vizuri, dawa ikatua kwenye ini, na saratani zikajitokeza miongo kadhaa baadaye.

Mrima ikiachwa chini ya msitu wake, udongo umefunikwa na mizizi. Tingatinga likipita, unakuwa vumbi. Na kabla ya tingatinga kuna mashimo ya utafiti, ambayo udongo wake hurundikwa pembeni bila mwenyewe. Huo ndio ninaoukataza kwa nguvu zote. Msiuchukue kukandikia kuta wala kusakafia nyumba. Thoriamu huzalisha gesi ya mionzi iitwayo thoroni, ambayo haiishi sana. Nusu yake hutoweka kwa chini ya dakika moja. Kwa hiyo haiendi mbali na ukuta iliotokea, na anayeivuta zaidi ni yule aliyetandika mkeka wake ukagusa ukuta. Ndugu zetu wa Geita, Tanzania, wamezoea kuokota magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi wa dhahabu, na kujitafutia riziki. Mabaki ya Mrima si ya kuokotwa, na mtoto asipelekwe kuyachezea.

Najua watasema mionzi ilikuwepo Mrima tangu zamani. Ni kweli. Wanasayansi wamepima zaidi ya mara moja, wakakuta mionzi ya asili iliyo mara kadhaa ya wastani wa dunia, sehemu kubwa ikitokana na thoriamu. Jibu hilohilo ndilo mtakalopewa siku mtakapolalamika baada ya mgodi kufunguliwa, na bila kipimo cha kabla hamtakuwa na la kusema.

Sheria iko upande wenu. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya uchimbaji Mrima mwaka 2013, ikafutwa mwaka huohuo. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya baraza la usuluhishi wa uwekezaji la kimataifa, ikashindwa mwaka 2018, kwa sababu leseni ile ilipatikana bila tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria. Tathmini mtakayoletewa safari hii isomwe ukurasa kwa ukurasa. Kama haitaji tani za thoriamu zitakazotoka, zitahifadhiwa wapi, nani atalipa mgodi ukifungwa, na maji ya uchenjuaji yataelekea mto gani, irudisheni.

Na kipimo kianze sasa. Iandikieni KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia, ije na vyuo vikuu vyetu: wapime hewa ndani ya nyumba, visima vyote, udongo wa mashamba na vumbi la barabarani, kiangazi na masika. Waandike pia magonjwa yaliyopo leo katika zahanati. Nakala za matokeo zibaki kwa wazee wa kaya, kwa machifu na katika shule za karibu, zikiwa na tarehe na muhuri, kabla gari la kwanza la mwekezaji halijapanda kilimani.