Sanduku Lililofichwa Kando ya Maji



Mwezi huu tuzungumze juu ya mchezo wa watu wanaojua kusoma. Ni mchezo wa kutafuta sanduku lililofichwa. Anayeongoza njia ni maandishi.

Mchezo huu ulianza Uingereza, katika nyika iitwayo Dartmoor. Nyika hiyo ina vilima na matope mengi. Ndani yake palikuwa na kidimbwi kiitwacho Cranmere Pool. Kufika huko kulikuwa na taabu. Mwaka 1854, James Perrott, aliyekuwa akiongoza wageni, aliweka chupa pale katika rundo la mawe. Kila aliyefika alitia kadi yenye jina lake. Baadaye watu waliacha hapo barua zenye anwani. Mgeni aliyefuata alizichukua na kuzipeleka posta. Hivyo pakaitwa sanduku la barua.

Hata kwetu jambo la namna hii limekuwapo. Kwa miaka mingi kileleni Kilimanjaro palikuwa na sanduku lenye daftari. Aliyefika juu aliandika jina lake.

Masanduku ya mchezo huu huwa na vitu viwili: daftari na muhuri wa mpira. Ukilipata sanduku, unaandika jina lako na tarehe katika daftari lake. Kisha unapiga muhuri wake katika daftari lako. Halafu unalifunga na kulirudisha palepale. Huchukui kitu.

Darasa lenu la kisomo linaweza kuucheza. Tafuteni kopo lenye kifuniko kisichopitisha maji. Muhuri mnaweza kuuchonga kwa soli ya kandambili kuukuu. Kisha andikeni maelezo ya njia. Soma mfano huu polepole:

"Simama chini ya mwembe wa shule asubuhi. Lipe jua mgongo. Tembea hatua 40. Utaona mawe mawili. Geuka kulia. Tembea hatua 15. Tazama nyuma ya kisiki."

Ukisoma 50 mahali pa 15, utapita sanduku. Ukisoma kushoto mahali pa kulia, utapotea kabisa. Basi rudi mwanzo, usome tena. Mtu aliyefundishwa kusoma, kisha akaacha kusoma, husahau. Akiletewa karatasi ya kutia sahihi, atatafuta tena wa kumsomea, na msomaji huyo anaweza kumdanganya. Anayezoea kusoma neno kwa neno hadanganywi upesi.

Wasomaji wa Mzumbe wanalijua Bwawa la Mindu, katika mto Ngerengere. Mahali kama hapo panavutia kutembea. Lakini kumbukeni kwamba watu wa mji wa Morogoro hunywa maji ya bwawa hilo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Kwa hiyo lificheni sanduku mbali na maji. Fuateni njia iliyopo. Msichimbe wala msikate miti.

Shikeni na haya:

1. Ombeni ruhusa kwa serikali ya kijiji. Mwenyekiti ajue sanduku liko wapi, ili watu wasilishuku.

2. Msilifiche makaburini, kwenye mizinga ya nyuki, wala katika shamba la mtu.

3. Tumia fimbo kupekua majani na mawe. Nyoka hupenda kulala hapo.

4. Usiingie majini. Maji yaliyotulia yanaweza kuwa na kichocho.

5. Nendeni wawili au watatu. Kila mmoja asome sehemu yake kwa sauti.

Msomaji, siku utakapofungua sanduku utaona majina ya waliokutangulia. Usitie dole gumba. Shika kalamu uandike jina lako lote, herufi kwa herufi. Atakayekuja baada yako atalisoma, naye atajua kwamba ulifika.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Katika mfano wetu, ukilipa jua la asubuhi mgongo, unatazama upande gani?

2. Ukigeuka kulia, sasa unatazama wapi?

3. Andikeni maelezo ya njia ya kutoka darasani hadi kisimani. Mpeni mtu asiyeijua njia. Je, atafika?